Wafuasi milioni moja kwa siku 30: Mchezo wa Kijapani unaomgeuzia kibao mtazamaji

Usiku umeingia na kamera imewashwa. Msichana ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amejikunyata chumbani, nywele nyeusi, macho mazito kwa kukosa usingizi, sasa anang'aa kwenye skrini: nywele za rangi ya fedha, riboni kila pembe, sauti ya juu kama ya katuni. Pembeni maoni ya watazamaji yanateremka bila kupumzika. Huyu anamwita malaika. Yule anasema jana alipendeza zaidi. Mwingine anamtaka afanye jambo ambalo yeye mwenyewe asingethubutu kulitamka mbele ya mama yake. Wewe, mwenye kipanya mkononi, ndiye unayeamua maoni yapi yafutwe na yapi ayasome kwa sauti. Laivu ikiisha, hesabu ya wafuasi inapanda. Punde si punde ujumbe wake unaingia: anataka kujua kama umemwona, na kama bado unampenda.

Hivyo ndivyo usiku unavyokwenda ndani ya Needy Streamer Overload, mchezo wa kompyuta uliotoka Japani Januari 2022. Kwao unajulikana kwa jina la NEEDY GIRL OVERDOSE. Hadithi imeandikwa na mwandishi anayejiita Nyalra, wahusika wakachorwa na msanii anayejiita Ohisashiburi, na mchapishaji ni WSS Playground. Oktoba mwaka huohuo ukaingia kwenye mashine ya Nintendo Switch. Tangu hapo umeuza zaidi ya nakala milioni moja, yaani idadi ileile ambayo msichana wa ndani ya hadithi anaililia usiku na mchana.

Mtu akiusikia juu juu atadhani ni mchezo wa kumcheka binti mpenda sifa, mmoja wa wale tunaowasema vijiweni kuwa wanatafuta kiki. Ukiukalia kitako unakuta mambo yamegeuka. Mpenda sifa anaonekana, tena kwa udhaifu wake wote, lakini anayepimwa hatua kwa hatua ni yule anayemtazama na kumsukuma. Na huyo ni mchezaji.

NAMBA NNE NA SIKU 30

Binti anaitwa Ame. Jina lake la laivuni ni OMGkawaiiAngel, ambalo mashabiki wamelifupisha kuwa KAngel. Mchezaji anaitwa P, na kwa mazoea ya michezo ya Kijapani herufi hiyo humaanisha prodyuza, yaani yule anayemsimamia nyota kuanzia ratiba hadi mavazi. Mkataba kati yao ni mfupi: ndani ya siku 30, Ame awe na wafuasi milioni moja.

Kila kitu kinatokea juu ya kioo cha kompyuta. Ukifungua mchezo, skrini yako inageuka kuwa skrini nyingine, yenye madirisha ya rangi ya waridi yaliyochorwa kwa mtindo wa kompyuta za miaka ya 1990. Dirisha moja ni kamera inayomwonyesha Ame chumbani. Jingine ni JINE, kejeli ya LINE, programu ya kutumiana ujumbe ambayo Wajapani wameizoea kama sisi tulivyoizoea WhatsApp. La tatu linaitwa Tweeter, na hilo halihitaji maelezo. Humo Ame ana akaunti mbili: moja ya malaika, safi na yenye kuchangamka, na nyingine ya siri ambako anamwaga yaliyomjaa moyoni. Mchezaji hatoki nje ya dirisha hata mara moja. Mwenzako unayeishi naye unamjua kupitia kioo tu.

Siku imegawanywa vipande vitatu: mchana, jioni na usiku. Laivu hurushwa usiku. Kabla ya hapo unaweza kukaa naye mkapiga soga, kumwambia alale, kumpa dawa, kumwachia aperuzi mtandaoni au kumtoa matembezini. Kila unaloamua linagusa namba nne zinazoonekana wakati wote: wafuasi, msongo, mapenzi yake kwako, na ile ambayo mchezo unaiita giza la moyo. Ukiiacha mojawapo ipande au ishuke kupita kiasi, hadithi inaweza kukatika kabla ya siku 30. Miisho iko zaidi ya 20 na mingi si ya heri. Katika mmoja, Ame anaishia kuwa kiongozi wa dini aliyoianzisha mwenyewe, na wafuasi wake wanakuwa waumini kwelikweli.

Makali ya mchezo yamejificha kwenye jambo ambalo mchezaji huchelewa kuligundua. Mada za laivu hazishuki kutoka mbinguni. Zinatokana na namna Ame alivyoishi siku ile. Ukimpeleka Akihabara, mtaa wa Tokyo unaosifika kwa katuni na vifaa vya elektroniki, anarudi na wazo la kipindi. Akikesha akisoma simulizi za njama za siri mtandaoni, hilo nalo linakuwa kipindi. Orodha ya mada ina kucheza gemu mbele ya watu, kunong'ona karibu na kipaza sauti ili kuwaliwaza wasikilizaji, kutangaza bidhaa za kampuni, kuvaa nguo za kuamsha tamaa. Na katikati ya orodha hiyo imo mada ya kuvunjika: kulia, kupayuka na kushindwa kujizuia mbele ya kamera. Imepangwa pamoja na nyingine, inabofywa kama nyingine, na inaleta wafuasi kama nyingine.

Ame hana kitu kilichobaki chake peke yake. Matembezi ni malighafi, na usingizi ni muda uliopotea. Hata ugonjwa ni mtaji. Usipomwonea huruma, namba zinapanda haraka. Ukimwonea huruma, unamlaza mapema, msongo unashuka, na usiku unafika huna mada mpya wakati milioni bado iko mbali. Hakuna anayekulazimisha. Mchezo unaiweka namba pale pembeni tu na kukuacha uitazame.

KUTOKA BINTI MFALME HADI MALAIKA WA LAIVU

Michezo ya aina hii, ambamo mchezaji anasoma kwa wingi, anatazama picha na kuchagua njia ya hadithi, ina historia ndefu Japani. Mwaka 1983 Yuji Horii, ambaye baadaye alitunga Dragon Quest, alitoa mchezo wa upelelezi uitwao Portopia, uliomtaka mchezaji atatue mauaji kwa kuuliza maswali na kufuata dalili. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ikatoa Otogirisō, hadithi ya kutisha ambayo maandishi yake yalijaza skrini nzima huku sauti na muziki vikifanya kazi ya kumtia msomaji hofu. Kampuni ya Leaf ikaendeleza mtindo huo mwaka 1996, na tangu hapo riwaya za picha, kama michezo hii inavyoitwa, zikawa tawi kamili la burudani ya Kijapani, lenye waandishi wake, mashabiki wake na magwiji wake.

Ukoo wa pili wa mchezo huu ni michezo ya kulea. Mwaka 1991 studio ya Gainax ilitoa Princess Maker, ambamo mchezaji anamlea binti kwa kumpangia ratiba: asome, afanye kazi, apumzike. Namba zake zikipanda vizuri, anaweza kuolewa na mwana wa mfalme. Zikienda mrama, anaishia pabaya. Needy Streamer Overload umerithi ratiba ileile na namba zilezile, ila umebadilisha cheo kinachogombewa. Mahali pa taji la kifalme pamekaa hesabu ya wafuasi. Na mahali pa baba mlezi amekaa prodyuza, ambaye huwezi kujua kwa hakika kama anamlea au anamfuga.

Hofu ya mtu kuporwa nafsi yake na watazamaji nayo si ngeni kwa wasanii wa Japani. Mwaka 1997, intaneti ikiwa bado changa majumbani, Satoshi Kon alitoa filamu ya katuni ya Perfect Blue. Mima, mwimbaji anayeacha kundi lake ili awe mwigizaji, anakuta kwenye mtandao ukurasa unaoandika shajara ya maisha yake kwa jina lake, wenye mambo ambayo yeye tu ndiye anayepaswa kuyajua. Taratibu anaanza kuchanganyikiwa asijue ni nani Mima wa kweli. Wakati ule ilihitaji mtu mwovu kuandika shajara hiyo kwa siri. Miaka 25 baadaye Ame anaiandika mwenyewe, kila siku, kwa akaunti mbili, na anahuzunika siku ambayo watu wachache wameisoma.

MANENO YANAPOMFIKIA MTU

Miongoni mwa mambo ambayo mchezaji anaweza kumwachia Ame afanye ni kulitafuta jina lake mwenyewe mtandaoni asome wanayomsema. Ni tendo dogo, mbofyo mmoja tu. Anayeifahamu Japani ya miaka hii hawezi kulisoma bila kumkumbuka Hana Kimura.

Kimura alikuwa mwanamieleka wa kulipwa mwenye umri wa miaka 22, na mmoja wa washiriki wa Terrace House, kipindi cha Fuji Television na Netflix kilichowaonyesha vijana wakiishi nyumba moja. Katika kipindi kilichorushwa mwishoni mwa Machi 2020 alionekana akimgombeza mwenzake wa kiume aliyeharibu vazi lake la mieleka kwa kulifua na kulikausha kwenye mashine. Ugomvi wa nguo ukageuka kuwa gharika ya matusi mtandaoni. Tarehe 23 Mei mwaka huo akafariki kwa kujitoa uhai. Kipindi kikasitishwa.

Sheria nayo ikaumbuka. Mwaka 2021 mmoja wa waliomtukana alitozwa faini ya yeni 9,000, kiasi kisichotosha hata kununulia koti la maana mjini Tokyo. Kosa la kutusi lilikuwa na adhabu ya kizuizi cha chini ya siku 30 au faini ya chini ya yeni 10,000. Mama yake Hana, Kyoko Kimura, ambaye naye aliwahi kuwa mwanamieleka, akasimama kidete kudai mabadiliko. Bunge likapitisha marekebisho, na tangu Julai 2022 mkosaji anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini ya hadi yeni 300,000.

Mchezo ulitoka miezi michache kabla ya sheria hiyo kuanza kutumika. Haumtaji Kimura wala hausemi umechimbuka kwake. Lakini unafanya jambo ambalo hakuna kifungu cha sheria kinacholiweza: unamweka mtu wa kawaida upande wa pili wa matusi. Unayaona yakiteremka. Una kipanya, unaweza kuyafuta, lakini yanakuja kwa kasi na mkono wako ni mmoja. Laivu ikizimwa unaona yaliyomfikia yamemfanya nini. Mtu aliyezoea kutupia neno la kejeli na kuendelea na shughuli zake hapati kwingine nafasi ya kuona hayo.

Kampuni zinazomiliki mitandao zinajua uzito wa namba hizi. Facebook ilianzisha kitufe cha kupenda Februari 2009, na ndani ya miaka michache dunia nzima ikawa inahesabiana vidole gumba. Mwaka 2019 Instagram ikaanza majaribio ya kuficha idadi ya waliopenda picha, na mwaka 2021 ikawapa watumiaji wote hiari ya kuificha. Novemba mwaka huo YouTube ikaacha kuwaonyesha watazamaji idadi ya wasioipenda video. Kitu kisicho na madhara hakifichwi namna hiyo.

Hata hivyo namba zinazoleta fedha zimebaki wazi. Ili YouTube ianze kumgawia mtu mapato ya matangazo kwa video za kawaida, inamtaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kijana anayetafuta riziki kwa simu yake, kizuri kisichojitembeza hakionekani kabisa, na asiyeonekana halipwi. Tunapomlaumu kwa kupenda sifa tukumbuke kwamba amewekewa lango, na ufunguo wa lango hilo ni macho ya watu.

ANAYETOA NAYE ANATAKA AONEKANE

Hapa ndipo mchezo unapopita ubinadamu wa kumwonea huruma mtoto wa watu na kugusa jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia. Njaa ya kuonekana haikai upande mmoja wa kamera.

Mwaka 2017 YouTube ilianzisha Super Chat, njia ya mtazamaji kulipia ili maoni yake yapakwe rangi na yabaki juu ya skrini kwa muda. Kadiri anavyolipa zaidi ndivyo yanavyokaa zaidi. Japani waliipokea kwa mikono miwili. Ndiyo nchi ambayo Kizuna AI, mhusika wa kuchorwa anayeendeshwa na mtu nyuma ya pazia, alianza kurusha video mwishoni mwa 2016 na kufungua mlango kwa mamia ya watangazaji wa namna yake. Mashabiki wao wamekuwa miongoni mwa watoaji wakubwa wa Super Chat duniani. Ukijiuliza wananunua nini, jibu ni sekunde chache za kutajwa jina. Kati ya maelfu waliojaza chumba kile cha laivu, mmoja amesomwa kwa sauti, ameshukuriwa, ameonekana.

Kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa taarabu anajua namna shabiki anavyoinuka, akashika noti mkononi, akacheza taratibu hadi jukwaani kumtunza mwimbaji. Anamtunza kwa sababu wimbo umemgusa, ni kweli. Lakini hakupita katikati ya ukumbi kwa bahati mbaya. Alitaka fulani aliyekaa meza ya nyuma amwone akitunza, tena kwenye ubeti uleule wa mafumbo. Mtoaji na mpokeaji wanaonekana kwa pamoja, na wote wawili wamekwenda pale kwa ajili hiyo.

Laivu za TikTok zimeuchukua mchezo huohuo zikauondolea ukumbi. Anayeruhusiwa kuzirusha anatakiwa awe na umri wa miaka 18 na, kwa kawaida, wafuasi 1,000. Zawadi zinaanzia ua la waridi la sarafu moja na kupanda hadi zawadi kubwa kama simba anayenguruma skrini nzima. Mwenye laivu analitaja jina la aliyetoa, analirudia, analiimba. Tofauti ni kwamba taarabu ina mwisho. Bendi inafunga vyombo, watu wanarudi makwao, na mwimbaji anayelia kweli jukwaani atapata mtu wa kumshika mkono ampeleke nyuma. Laivu haina mtu nyuma. Mwenye kulia akianza kulia, idadi ya walioingia kutazama inapanda, na mtambo unaona idadi imepanda unawaletea wengine zaidi.

P wa kwenye mchezo ni mtoaji wa namna hiyo. Hatuambiwi sana yeye ni nani. Hazungumzi, zaidi ya kujibu ujumbe kwa vibandiko na majibu mafupi. Kinachojulikana ni kwamba anahitaji kuhitajiwa. Kila Ame anapomuuliza kama bado anampenda, P anapata chakula chake. Anayemaliza miisho yote anafunguliwa faili la mwisho linalotia shaka kubwa juu ya P na nafasi yake chumbani mle, na sitamwaga mtama hapa kwa ajili ya wanaotaka kujionea wenyewe. Inatosha kusema kwamba mchezo unapofika hapo, swali la nani alikuwa akimtumia nani linakuwa gumu kuliko lilivyoanza.

DAWA AU SUMU?

Mchezo huu una wakosoaji, na wana hoja. Ame ni mgonjwa, lakini ni mgonjwa mzuri wa kutazamwa. Machozi yake yamechorwa kwa ustadi, dawa zake zina vibunda vya rangi za kupendeza, na mavazi yake yanafanana na yale yanayovaliwa na wasichana wanaokusanyika mitaa ya Kabukichō, Shinjuku, ambao baadhi yao wamekimbia majumbani mwao. Mateso yakipambwa kiasi hicho yanaweza kumvutia kijana aliye dhaifu akayaona kuwa ndiyo utambulisho wake. Mchezo wenyewe unaanza kwa onyo kuhusu yaliyomo, ikiwamo kujidhuru na matumizi mabaya ya dawa. Onyo hilo lichukuliwe kwa uzito. Huu si mchezo wa kumnunulia mtoto wa shule kwa sababu tu jalada lake lina katuni ya kuvutia.

Kuna kejeli nyingine ambayo watunzi wenyewe hawawezi kuikwepa. KAngel amekuwa nyota halisi. Wimbo wa mchezo, INTERNET OVERDOSE, uliotungwa na Aiobahn na kuimbwa na KOTOKO, ulisambaa mbali kuliko mchezo wenyewe. Wa pili ukaitwa INTERNET YAMERO, yaani acha intaneti, na watu wakausambaza mtandaoni kwa fujo. Zimefuata sanamu ndogo za mezani, mavazi ya kuigiza kwenye matamasha, na tangazo kwamba hadithi itafanywa mfululizo wa katuni za televisheni. Msichana aliyebuniwa ili kuonyesha madhara ya kuabudiwa sasa anaabudiwa, na wanaomwabudu wanajua wanachokifanya.

Mtu anaweza kusema kwamba watunzi wameshindwa. Mimi naona ndipo hoja yao ilipotimia, wapende wasipende. Hadithi ilidai kwamba tukipewa mateso yaliyofungashwa vizuri tutayanunua na kuomba mengine, na ndivyo tulivyofanya. Hilo haliwapi watunzi usafi, kwa maana fedha wamezipokea. Lakini linamwondolea mtazamaji kisingizio kwamba yeye alikuwa anapita tu.

Sifa kubwa ya kazi hii ni kwamba haikuchagua njia ya mkato ya kuhubiri. Ingekuwa rahisi kumfanya Ame afutiwe akaunti, apate kazi ya ofisini, aokoke na mambo yaishe. Badala yake inakubali kwamba haja ya kuonekana ni haja ya kweli. Mtoto anaitaka kwa mama yake, mfanyakazi anaitaka kwa bosi wake, mwandishi anaitaka kwa msomaji wake. Tatizo linaanza pale haja hiyo inapopelekwa kwa watu milioni moja ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuleta uji siku ukiugua. Ame ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa miji mingi, na mtu wa kumuuliza kama amekula ni mmoja tu, tena naye ana ratiba ya laivu mkononi.

Kwa watunzi wetu chipukizi wenye hamu ya kujaribu, aina hii ya mchezo haihitaji mtaji mkubwa. Programu ya bure ya Ren'Py, iliyoanzishwa na Tom Rothamel mwaka 2004, inamwezesha mtu mwenye hadithi nzuri, mchoraji mmoja na kompyuta ya kawaida kutengeneza riwaya ya picha kamili. Mashabiki wa taarabu, vita vya timu za wasanii, laivu za usiku wa manane na zawadi za simba ni malighafi ambayo Mjapani hana. Hadithi hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili na mtu anayeyajua mambo haya kwa ndani, haitakuwa nakala ya Ame.

Kwa wengine wote, neno langu ni fupi. Laivu ikikuletea mtu anayelia, anayepayuka au anayesema maisha yamemshinda, usihesabu wangapi wameingia, wala usitupe waridi ili ujue itakuwaje. Kama humfahamu, bonyeza kitufe cha kuripoti na utoke, kwa sababu macho yako nayo yanahesabiwa kwenye ile namba. Kama unamfahamu, funga programu umpigie simu.